Bwawa la Sato na Ng'ombe wa Baba

Jumamosi. Jua limewaka tangu asubuhi, hata wingu la kudanganyia hakuna. Situlii. Nimeshuka bwawani, nimerudi, nimeshuka tena, mpaka mke wangu kaniuliza nimepoteza nini huko.

Maji yanapungua.

Tangu kiwanda kitupunguze kazi Musoma na tukahama chumba chetu cha Makoko, maisha yangu yote yako kwenye hili bwawa. Siku hizi kila kitu ruksa, kila mtu ajitafutie. Wenzangu wakakimbilia mitumba. Mimi nikarudi kwetu Mugeta kufuga sato, maana samaki wa ziwani wanaishia kwenye malori ya wenye viwanda na huku juu hawafiki. Watu walikuwaga wananicheka sana. Baba ndiye alicheka kuliko wote: mifugo gani hiyo, haina hata kwato.

Shida ni kwamba nilichimba palepale ng'ombe wake walipokuwa wanashukia kunywa, kwa sababu ndipo maji yanapokaa. Nikazungushia miba. Wakati wa mvua hakuna aliyejali. Sasa lambo la kijiji limekauka, na mzee anaswaga ng'ombe mpaka mtoni, mbali, na mguu wake ule mbovu. Anapitaga kando ya miba yangu akiwahimiza ng'ombe wasigeukie maji.

Bora angenitukana.

Leo nikiwa ndani ya miba nawapa samaki pumba, nikamsikia jirani yetu Makuru akimwambia baba afungue tu, ng'ombe wanywe, visamaki si kitu.

"Humo mna mifugo ya mwanangu," baba akasema. "Twende mtoni."

Nilikaa chini hapohapo kwenye tope. Niseme ukweli, machozi yalinitoka.

Sato wenyewe bado wadogo, hawazidi kiganja. Nikivua sasa ni hasara tupu, na nitachekwa mpaka sokoni Nyamuswa. Nikisubiri mvua, labda nitakuwa mfugaji kweli. Siku nzima nimezunguka na hesabu hiyo na haijakaa.

Jioni mzee amerudi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kabla hata hajaomba maji ya kunywa, akaniuliza kama samaki wamekula.

"Wamekula, baba."

Sikumwambia kwamba nimeshaazima wavu. Kesho kabla hajafungua zizi, ile miba nitakuwa nimeitoa.