Kioo cha Utani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wifi na watoto hawajambo. Mgongo wa Mama je, umepoa? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unafuka moshi, na sababu mojawapo ni wewe.

Nimesikia umempigia meneja simu kumwomba msamaha ili anirudishe kazini, ukamwambia mdogo wako ana hasira za mkizi. Aliyokusimulia ukayameza mazima mazima. Kaka, hata kuniuliza hukuniuliza!

Basi sikiliza. Lile daraja la vioo kule mlimani, ulikonitafutia kazi, lina kioo kimoja tunachokiita cha utani. Mgeni akikikanyaga kinatoa mlio, na taa za ndani zinachora nyufa. Anapiga yowe, anamkumbatia mwenzake, tunacheka, anapigwa picha. Kazi yangu ilikuwa kuwatoa watu hofu na kuwaambia warukeruke wapendavyo.

Wiki mbili zilizopita, nikifuta vioo asubuhi, niliona ufa kwenye kioo cha tisa. Cha utani ni cha sita. Nikapitisha ukucha, ukakwama. Nyufa za taa hazishiki ukucha, kaka. Nikamkimbilia meneja. Akaja, akautazama, akasema niwaambie wageni kwamba sasa vioo vya utani ni viwili. Eti huu ni msimu wa wageni, fundi ataitwa ukiisha. Nikamwambia kioo hicho kina watu juu na korongo chini. Akanijibu kwamba wanaoitaka kazi yangu wamejaa getini. Mshenzi yule!

Na hapa kuna jambo sijamwambia mtu. Nilinyamaza. Siku tisa nzima nilisimama pale na tabasamu langu, nikiwaambia watu ni utani. Siku ya tisa akaja baba mmoja, bintiye akiwa mabegani. Aliuona ufa, akasita, akaniuliza kama kweli ni salama. Nikamwambia aruke. Akaruka mara tatu, mtoto akicheka, nami nikasikia kioo kikilia chini yao. Hakuna taa iliyowaka.

Walipovuka na kwenda zao, nilichukua nyundo kwenye kibanda cha tiketi, nikakipiga kioo kile mbele ya wageni wote mpaka tabaka la juu likawa chengachenga. Daraja likafungwa saa ileile. Kwa hiyo alilokwambia meneja ni kweli: nimekivunja mimi, kwa makusudi, na mkono usingechoka ningemalizia na madirisha ya ofisi yake.

Sasa mpigie tena, umwambie ule msamaha ulioniombea siutaki. Yeye sina deni naye. Wa kuombwa msamaha ni yule baba. Jina lake silijui, na mpaka leo anadhani nilimfanyia utani.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na Mama mwambie nitakuja Ijumaa.

Ni mimi mdogo wako,
Pilipili