Mwenyewe Mzima

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, mgongo umetulia, na miwani iko usoni, siyo chini ya tairi la mteja kama mara ile. Mama namsalimu upesi kabla hajanuna. Mwambie dawa ya kifua aimalize yote, asiache chupa nusu ati ameshapona. Mimi huku sijambo, kazi inakwenda, na mashuka ya hospitali hayaishi, kama kawaida yake.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Baba, kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi unanimalizia, na mara nyingi unaimalizia vibaya. Haya niliyo nayo yanataka mtu akae, anyamaze, asome hadi mwisho. Kwa hiyo tafadhali nawa hiyo grisi, keti kwenye kiti chako kile ulichokifungua kwenye gari bovu, na usiruke ukurasa.

Nianzie kazini. Chumba chetu cha kufulia kina dirisha moja tu, juu ya meza ya kupigia pasi, na kutwa limejaa mvuke. Nikilifuta kwa kiganja naona maegesho ya nyuma. Mwaka juzi nilianza kuona wanawake wakikusanyika pale kila Jumamosi asubuhi na pikipiki zao. Watu wazima, Baba, wenye kazi na wajukuu. Kiongozi wao ni mkunga wa wodi yetu ya wazazi, wanamwita Kamanda, na anatoka zamu ya usiku akiwa na macho mekundu lakini anacheka. Mwingine ni mwalimu mkuu mstaafu, bibi kabisa, anavaa kofia ngumu juu ya kitambaa chake na kuwasha pikipiki kwa teke moja. Huyo ni Bibi Gia. Siku ya kwanza kumwona nilibaki nimeduwaa na pasi mkononi mpaka nikaunguza foronya.

Ngurumo za injini hazikunishtua, nimezaliwa ndani yake. Kilichonishangaza ni walichofanya kabla ya kuondoka. Kila mmoja aliinama kwenye pikipiki ya mwenzake, siyo yake. Akabonyeza tairi, akavuta mnyororo, akajaribu breki, kisha akamkaza mwenzake mkanda wa kofia chini ya kidevu kama mama anayemfunga mtoto vifungo. Nilipokuja kuuliza, Kamanda aliniambia kwamba ya kwako unaipenda mno hata huoni kasoro zake.

Nilimuuliza siku hiyo hiyo, kwa sababu uzalendo ulinishinda. Mnyororo wake ulikuwa umelegea, nikauona kupitia dirishani, nikatoka mbio na aproni yangu kumwambia. Akataka kujua nimejuaje. Nikamweleza kuwa baba yangu ni fundi, na mimi nimekua nikimpa spana. Akauliza ninaendesha pikipiki gani. Nikasema siendeshi, nimekatazwa. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kuna mpishi asiyeruhusiwa kuonja.

Baba, sikumsimulia kwa nini umenikataza, ila mimi sijasahau. Pikipiki ikiletwa gereji na mtu mwingine, hujaigusa hata kwa kidole, unauliza kwanza: mwenyewe mzima? Nakumbuka ile nyekundu iliyoletwa ikiwa bado ina kopo la chakula limefungwa nyuma kwa mpira. Ulipouliza, aliyeileta akatazama chini. Ulifunga mlango mchana kweupe, ukaniambia nitashika spana mpaka nizeeke, lakini usukani sitaugusa. Nilikuwa na sare ya shule. Sikukubishia, na wala sikukuona mkali. Nilikuona umeogopa, na sikujua kabla ya hapo kwamba wewe huwa unaogopa.

Sasa nikupe kisa cha wanawake hawa, usiulize nimekijuaje, endelea tu kusoma. Wanapokwenda safari, Kamanda anatangulia, Bibi Gia anakaa mwisho kabisa. Wa mwisho wanamwita Mkia, ndiye mwenye mfuko wa vifaa, na hampiti mtu hata kwa dawa. Waliobaki wana sheria moja: tazama kwenye kioo taa ya aliye nyuma yako. Ikipotea, simama. Hakuna kupiga honi wala simu.

Mwaka jana walikuwa na mgeni, safari yake ya kwanza ndefu. Walipumzika kunywa maji, wakaondoka, na katikati ya mlima pikipiki ya mgeni ikakohoa, ikazima. Wenzake wakapanda, wakapotea kwenye kona. Bibi Gia akasimama nyuma yake, akakaa kwenye jiwe, akafungua chupa ya chai. Mgeni akapiga teke, akapiga tena, jasho linamtoka, machozi yanamtoka. Akamwambia bibi aende zake, amewaharibia watu safari, na wale wengine wameshamwacha. Bibi Gia akamjibu kwamba kabla hajalia vizuri, apande kwa miguu hadi pale juu aone.

Akapanda. Baba, nisikilize. Upande wa pili barabara ilikuwa inashuka kwa kona nyingi hadi bondeni, na katika kila kona alikuwepo mwanamke amesimamisha pikipiki, mguu mmoja chini, uso umegeukia nyuma. Wote. Wa kwanza aliikosa taa ya mgeni akasimama, wa mbele yake akaikosa taa yake naye akasimama, hivyo hivyo mpaka kwa Kamanda, aliyekuwa mdogo kule chini kama punje ya mchele. Hakuna aliyemwita mwenzake, hakuna aliyelalamika. Jua linawaka, nao wanamngoja mtu ambaye wengine hawakujua hata anapofanya kazi. Mgeni akakaa barabarani akalia upya, safari hii kwa jambo jingine kabisa.

Ubovu wenyewe haukuwa ubovu. Walipopumzika alikuwa amefunga koki ya mafuta, na kwenye kuondoka akasahau kuifungua. Waendeshaji wa kawaida hawafanyi kosa hilo, kwa kuwa hawaifungi kwa kituo cha kunywa maji. Ni kosa la mtu aliyelelewa gereji, aliyefundishwa tangu mdogo kwamba injini ikizima tu, mkono uende kwenye koki.

Unamjua mtu mwenye tabia hiyo, Baba?

Ndiyo, ni mimi. Ninaendesha. Kamanda alinifundisha kwenye uwanja wa shule ya jirani, na sasa ni zaidi ya mwaka. Pumua kwanza, kisha uendelee.

Unaikumbuka pikipiki ya bluu uliyoletewa mwezi uliopita na bwana mmoja wa pikapu, vali zinagonga? Yule ni mume wa Kamanda, ndiye huyu aliyekukabidhi barua. Alinisimulia kwamba ulimuuliza mara mbili kama mwenyewe mzima, na hukuchukua spana mpaka alipokuapia kuwa mzima, yuko kazini tu. Ulipomaliza ukanipigia simu, ukaongea habari za pikipiki hiyo tu. Ukasema klachi imelika sawasawa, breki za mbele na nyuma zinalingana, huyu jamaa hana papara. Ukasema watu wote wangeendesha hivi, wewe ungekufa njaa. Huyo jamaa alikuwa mimi, nimesimama kati ya mashuka, nimejiziba mdomo kwa foronya. Nimesifiwa na walimu na wakubwa wa kazi, lakini sijawahi kusifiwa namna ile.

Baba, bado naogopa kile unachokiogopa, na kila Jumamosi naondoka nacho. Sikuombi uache kuogopa. Naomba unione.

Jumamosi ijayo msafara wetu utapita mbele ya gereji. Magoti ya Bibi Gia yamemshinda, kwa hiyo amenikabidhi mfuko wa vifaa, na Mkia sasa ni mimi. Acha wote wapite, subiri wa mwisho. Utanijua kwa mlio, maana injini umeifunga mwenyewe. Ukiwa umefunga mlango, nitaelewa, nitapita polepole na nitaendelea kukupigia simu kila Jumapili. Ukiwa wazi, nitasimama. Wala usihangaike kuuliza mtu swali lako lile. Safari hii pikipiki imeletwa na mwenyewe.

Ila ukiacha mlango wazi, mwambie Mama abandike sufuria kubwa ya chai. Nikisimama mimi, taa yangu itapotea kwenye kioo cha aliye mbele yangu, na unajua kitakachofuata.

Nisalimie wote wanaoniulizia, hata jirani yule anayeazima pampu harudishi.

Ni mimi binti yako,
Spana