Herufi Yenye Mkia

Tarehe 3 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, na mama awe anakula. Mimi sijambo, ila magoti: nikipanda ngazi za kiwanda cha uchapaji yanalalamika kabla yangu. Bado ni msahihishaji, bado wananiita Nukta.

Redio imetangaza kwamba sisi tuliokimbia tunaruhusiwa kurudi hadi tarehe thelathini Juni, kisha mpaka unafungwa. Lakini kinyozi wetu alirudi mwezi wa pili, na hadi leo mkewe hajapata hata salamu. Miaka ishirini na sita ya ugeni, dada, na sijawahi kuwa gizani kama sasa. Nimemwomba Mungu anionyeshe njia kupitia kwako, maana ya huko unayaona wewe. Barua zinafunguliwa, kwa hiyo usieleze kitu. Niandikie neno moja tu: safiri, au subiri. Nitalipokea kama limetoka kwake.

Mdogo wako

Tarehe 29 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mama anakunywa supu vijiko vitatu, cha nne anagombana nacho. Mimi nahangaika na cherehani. Uzi naingiza kwenye sindano kwa kubahatisha, na wateja wanasema mishono yangu imeanza kulewa. Uzee tu.

Kila asubuhi mama anauliza kama kiti chako kimefutwa vumbi. Namwambia kimefutwa. Anasema, "Aliyemwongoza kutoka ndiye atakayemwongoza kuingia."

Neno uliloomba nimeliandika peke yake nyuma ya karatasi. Lifuate.

Dada yako

Tarehe 20 Mei

Dada mpendwa,

Hujambo? Mama je? Nimegeuza karatasi nikasoma: subiri. Sikufichi, nililia. Kisha nikapata amani ambayo sikuwa nayo tangu tangazo lile. Mungu amesema, nani abishane? Nafasi yangu kwenye lori la wanaorudi nimempa fundi seremala wa jirani. Mwambie mama siku yangu haijafika, ila itafika.

Mdogo wako

Tarehe 2 Julai

Mdogo wangu,

Leo sina salamu.

Mama alifariki tarehe kumi na nne Juni. Alikufa ameketi, uso kwenye mlango, kwa sababu nilimwambia uko njiani. Barua yako ya Mei imenifikia jana, imebandikwa gundi upya. Waliokaa nayo wiki zote hizo sijui walikuwa wanaikariri.

Nani alikwambia usubiri? Niliandika safiri! Huyo kinyozi wako hajakamatwa na mtu. Ameoa mwanamke mwingine, yuko mtaa wa pili, ananyoa vichwa na kupiga soga. Ndiyo maana mkewe hapati salamu. Na wewe, mtu wa herufi, katika maneno yote ya Kiswahili ukachagua mapacha! Ungesema "kabati" na "limau" tungeelewana.

Yule seremala alifika. Niliposikia lori nilimwinua mama, nikamshika kiuno, tukasimama mlangoni. Akashuka yeye na msumeno wake.

Mungu usimsingizie. Ile barua niliandika mimi.

Dada yako

Tarehe 8 Agosti

Dada,

Pole. Nami nipe pole, kama bado nastahili.

Nimeitoa karatasi ile nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia ninachofanyia kazi. Mistari yako inapandana. Herufi ya pili umeiacha wazi juu, "a" imekuwa kama "u". Hapo yeyote angekosea. Umemwona daktari wa macho? Nenda, tafadhali.

Lakini sitajificha nyuma ya macho yako. Herufi ya tatu ina mkia, umeshuka chini ya mstari. "B" haina mkia. Na mkia huo sikuuona leo, dada. Niliuona siku ile ile ya kwanza. Miaka yote hii nimelipwa mshahara ili nione vitu vidogo kama huo. Nikauita doa la wino, kwa sababu niliogopa. Kisha woga wangu nikaupa jina la Mungu, na ile nafuu ya kutoondoka nikaiita amani.

Sasa sijui nisali vipi. Nikifumba macho namwona seremala akishuka.

Mdogo wako

Tarehe 15 Oktoba

Mdogo wangu,

Anayeandika ni muuguzi, jirani yangu. Maneno ni yangu, hata matusi yakiwemo. Daktari amesema nimechelewa. Jicho la kushoto limezimika, la kulia linajua dirisha liko wapi, basi.

Sijakusamehe. Nimejaribu mara mbili nikashindwa, nitajaribu tena. Barua yako nimesomewa na muuguzi, kwa hiyo aibu yako sasa inajulikana na watu watatu.

Siku za mwisho nilimwuliza mama, huyu Mungu unayemtegemea unamwona wapi? Akanicheka. "Ningemwona ningemtegemea ya nini, binti yangu? Ningemfuata tu, kama mtu anavyofuata mtu barabarani."

Kitambaa kilichomo humu nimekikata kwenye gauni lake la bluu. Herufi nimezishona kwa vidole, kubwa, kwa uzi mzito. Muuguzi anasema zimepinda, apinde yeye. Mpaka umefungwa, najua. Sikuahidi usalama. Lakini safari hii hutasema umeona doa.

Dada yako

Tarehe 21 Novemba

Dada yangu,

Sikuulizi hali, nitakuja kuiona.

Nimefumba macho nikalisoma kwa vidole: SAFIRI. Kiwandani nimeaga. Wamenipa kalamu, kana kwamba kalamu haijaniponza vya kutosha. Naondoka Jumanne, sehemu kubwa kwa miguu, na magoti haya haya. Wanaofungua barua nao wasome; nimechoka kuwaficha.

Safari hii sikuomba ishara, wala sina amani hata chembe. Nimemwomba Mungu anishike mkono tu, na kusema kweli sijausikia mkono wake. Nakwenda hivyo hivyo.

Kiti usikifute. Vumbi lake ni kazi yangu.

Huenda barua hii ikanitangulia. Muuguzi asikosee kukusomea neno la mwisho, nimeliandika kwa herufi kubwa, halina mkia wowote:

SUBIRI.

Mdogo wako