Nani Alimpa Mzungu Sauti ya Mama?

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na mvua ya Iramba haijawatupa mwaka huu. Mimi huku Hamburg ni mzima, ila baridi inanitafuna masikio. Bado naosha vyombo kwenye jiko la ukumbi wa muziki.

Naandika kwa sababu simu yako imekuwa na tabia. Tukiongea habari za mtama na mbuzi, mtandao uko safi kabisa. Nikiuliza habari ya ule wimbo, "Haloo, haloo, sikusikii," halafu kimya. Baba, mimi si mtoto. Barua hii nimempa mwenzetu wa Manyoni anayekuja likizo, na nimemwambia asiondoke hapo mpaka umefungua bahasha.

Sasa nisikilize. Kuna bendi ya vijana wa hapa inapiga roki ya saikedeliki, muziki wa kuzungusha kichwa. Gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye mawe, mlio wa kinanda unavutwa mpaka unalegea, sauti inaingia sikio hili inatokea lile, na mwangwi juu yake. Sikuwa nikiupenda hata kidogo. Siku walipojaribu wimbo wao mpya, niliacha sufuria kwenye maji nikatoka mbio. Chini ya makelele yale kulikuwa na fimbo za kupura mtama! Na mwanamke anaongoza, kwa Kinyiramba chetu kabisa!

Nikamfuata mpiga gitaa. Akasema sauti ile ameikuta kwenye kaseti ya marehemu babu yake, aliyewahi kufanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu wa Sekenke, hapo hapo kwetu Iramba. Kwenye jalada la wimbo wameandika: mwimbaji hajulikani. Hajulikani na nani? Nilimwangalia yule kijana kama mwizi wa kuku. Kisha nikajiuliza, babu yake alifunguliwa mlango na nani?

Nikamwomba anipigie kaseti yenyewe, bila magitaa. Unajua tunavyopura kwetu: anayeongoza akimtania mwenye shamba, fimbo zote zinasimama mpaka mwenyewe ajibu na pombe itoke. Kijana alidhani ule ukimya ni kaseti imeharibika, akaujaza gitaa. Kumbe fimbo zimesimama kwa sababu yule mwanamke amemwita mwenye shamba Kinyonga, jina ambalo ulituambia mama alikutania nalo kwa mwendo wako wa kujivuta. Na mwanamume anajibu, lakini kwanza anasafisha koo, vilevile unavyofanya kabla ya kuombea chakula. Nani mwingine, Baba?

Nilimtumia shangazi kipande hicho kwenye simu, maana yeye alikuwa akiitikia siku za kupura. Akasikiliza mpaka mwisho, akanipigia. "Kamuulize baba yako," akakata. Kwake mtandao haukuwa na shida.

Basi nikaanza kuunganisha mambo. Miaka yote umetuambia sauti ya mama haikuwahi kurekodiwa. Na ile redio kaseti uliyoifunika kitambaa, ambayo hutaki iguswe msimu wa kupura, uliipata wapi? Ulisema ni zawadi ya kanisani. Kanisa gani linagawa redio? Mimi naona yule mzungu alikuachia redio, yeye akaondoka na kaseti. Mama akafariki mimi bado natambaa, nawe ukaona aibu kusema kwamba sauti yake iko Ulaya na nyumbani haipo.

Nina hasira, sikufichi. Lakini kijana amenipa nakala, nimeiweka humu kwenye memori kadi, shemeji atakuwekea usikilize. Mwanamume akishajibu, yule mwanamke anacheka, anacheka mpaka fimbo zikianza tena zinapotezana.

Msalimie shangazi, mwambie sina kinyongo naye. Msalimie kaka mkubwa na shemeji, na mchungaji aliyenibatiza.

Ya redio yatasubiri nikirudi, tutakaa tuyaongee. Leo nijibu moja tu, maana mimi sikuwahi kujua: mama alikuwa anacheka vile?

Mwanao,
Elia