Kufuli la Daktari kwenye Uwanja wa Hoki

HALMASHAURI YA MJI WA SORLEY LAKE, ONTARIO
KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Alhamisi, 9 Februari 2017, saa 1:00 jioni
Mahali: Ukumbi wa Zimamoto
Waliohudhuria: Meya Gord Tuominen (Mwenyekiti), Madiwani Dkt. Ross Delorme, Wes Hrynchuk na Yvette Pelkey, Aileen McCorriston (Katibu), wananchi 41
Asiyehudhuria: Diwani Stan Oravec (yuko ziwani, anavua samaki)

KUMB. NA. 1/2/2017: KUFUNGWA KWA UWANJA
Mwenyekiti alieleza kwamba mchana wa siku hiyo Dkt. Delorme aliufunga uwanja wa ndani wa hoki ya barafu kwa kufuli lake mwenyewe, bila idhini, siku mbili kabla ya mashindano ya wasichana.

Dkt. Delorme alikiri. Alisema mashine ya kulainisha barafu inatoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Wagonjwa watatu walimjia wiki hii wakiumwa kichwa na kutapika, na damu yao ilionyesha gesi hiyo. Aliikumbusha Halmashauri kwamba aligombea udiwani baada ya huduma ya gari la wagonjwa kuondolewa siku za wikiendi, kwa kuwa barua alizoandika kama daktari hazikuwa zikijibiwa. Kuhusu mashine hii aliiandikia Halmashauri barua mbili mwezi Januari. Mwenyekiti alisema anazikumbuka.

KUMB. NA. 2/2/2017: MAJADILIANO
Diwani Hrynchuk, ambaye ndiye kocha wa wasichana, alitaka majina ya wagonjwa. Dkt. Delorme alikataa.

Diwani Hrynchuk aliomba maneno yake yaandikwe yalivyo: "Dokta, ulikuja hapa kwa mkataba wa miaka miwili, ukasahau kuondoka. Sasa unatufungia milango kwa wagonjwa wa kubuni?"

Dkt. Delorme: "Miaka ishirini na sita, Wes. Kila nikifunga virago, kuna mtu anajifungua. Majina sitoi, hata mkinivua udiwani leo."

Diwani Hrynchuk alisema hilo linawezekana, akatoa hoja kufuli likatwe. Baadhi ya wananchi walipiga makofi.

Tessa Hrynchuk, miaka 18, golikipa wa timu, alisimama bila kuitwa.

Dkt. Delorme: "Kaa, Tessa. Hulazimiki."

Tessa: "Baba, mmoja wao ni mimi. Nilimwomba asikwambie. Ungeniweka benchi Jumamosi."

Mwenyekiti aliahirisha kikao kwa dakika kumi.

KUMB. NA. 3/2/2017: MAAZIMIO
Kikao kiliporejea, Diwani Hrynchuk aliondoa hoja yake. Diwani Pelkey alitoa hoja kwamba uwanja ubaki umefungwa na mashindano yaahirishwe. Diwani Hrynchuk aliunga mkono. Ilipita bila pingamizi.

Mwenyekiti alimwonya Dkt. Delorme kwa kutenda bila idhini. Dkt. Delorme alipokea onyo, akaomba wote waliocheza tangu Jumapili wafike kliniki Ijumaa kuanzia saa 1:00 asubuhi. Diwani Hrynchuk alisema atawaleta yeye mwenyewe.

Fundi kutoka Thunder Bay atapima hewa ya uwanja Jumatatu, 13 Februari, saa 3:00 asubuhi.

Watu walitawanyika saa 2:25 usiku.

G. Tuominen, Mwenyekiti
A. McCorriston, Katibu