Niuze Nyumba ya Wageni Ninunue Jeti?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Ijumaa haijafika, mimi ni mfanyabiashara wa maharage na asali hapa Kibondo, nina malori manane na mke mmoja, mwalimu Josephina, aliyeletwa huku na ajira kutoka Njombe akanipenda na vumbi langu lote, na kwa mshahara wake akajenga nyumba ya wageni anayoitegemea akistaafu. Masika haya nililala juu ya magunia, lori limenasa kwenye tope la njia ya Kakonko, nachezea simu, nikaona tangazo la jeti ndogo ya mtumba, nyeupe, viti vinne, iko Afrika Kusini, na tangu hapo, mshauri, sipo duniani. Nikipima maharage naiona inapita juu ya kijiji cha Busunzu, kivuli chake kinateleza juu ya migomba, asubuhi Mwanza, mchana Bujumbura, jioni nimerudi kula ugali wa muhogo, hata ubaridi wa kioo nausikia kwenye paji la uso. Nusu ya bei anatoa Niyonzima, mnunuzi wa kahawa wa Kasulu, na abiria wa kwanza nimeshawapata, daktari mmoja na mkandarasi. Uwanja tunao, ule wa changarawe, enzi za wakimbizi ndege zilitua pale nasi watoto tukifukuza mbuzi wasigongwe. Malori yana mteja, nyumba ya wageni nayo ina mteja, tunaandikishana Ijumaa, na nilipomwambia Josephina hakupiga kelele, aliendelea kukunja mashuka ya wageni, akasema, "Ruka tu, Baba Careen. Mimi nitarudi Njombe kwa basi." Nampenda mke wangu, lakini nikifumba macho naiona ile ndege. Nifanyeje?

Baba Careen, Kibondo

Baba Careen, pole kwa tope. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nusura nami nifunge mkanda. Sasa shuka.

Nimempigia rubani ninayemfahamu, nikamweleza uwanja wenu, akacheka mpaka akaniomba radhi. Zile ndege za enzi za wakimbizi zilikuwa za panga boi, zimezoea changarawe. Jeti yako itafyonza kokoto na injini itakufa siku ya kwanza. Inataka uwanja wa lami, na wa karibu uko Kigoma mjini. Kwa hiyo ili uruke kwenda Mwanza, itabidi kwanza upite Kasulu kwa barabara, kwenye tope kama lile la Kakonko, na malori umeshauza! Mtu mzima mzima, hukuuliza hata rubani mmoja?

Hilo la uwanja lina dawa. Linalonitisha ni viti. Viti vinne umevigawa: wewe, Niyonzima, daktari, mkandarasi. Mwenye nyumba unayoiuza hana pa kukaa. Mwanamke akigomba, bado yupo. Akikunja mashuka kimya, moyo wake umeshafika stendi. Aibu, baba.

Mpigie mteja wa nyumba leo, umwambie haiuzwi, kisha umwambie Josephina kwamba umeshapiga. Malori yabaki barabarani. Likizo ya shule ikifika, nendeni Kigoma wawili, mkate tiketi za ndege ya abiria, yeye akae dirishani. Jeti endelea kuiota, hakuna wa kukukataza. Ila mkiwa huko juu, muulize mkeo yeye huota nini. Nina hakika hujawahi kumuuliza.