Dole Gumba Juu ya Mkate

4 Februari

Binti yangu Bi Kwanini,

Salamu zikufikie huko kwenye kompyuta zako. U mzima? Unakula, au bado unasahau sahani mpaka chakula kipoe? Sisi hatujambo. Mimi ni mzima nusu: upande wa kushoto unakusalimu, wa kulia umesema utasalimu siku nyingine.

Anayeandika ni mama yako. Ukikuta neno zuri ni lake, ukikuta utani ni wangu. Usinipigie simu kwanza. Tangu kile kiharusi kinikamate pale kwenye meza ya kukandia, mdomo wangu unateleza, na sitaki unisikie hivyo halafu ulie peke yako huko.

Hospitali wameniruhusu. Mguu unakwenda, japo kwa kuburura. Tatizo ni mkono wa kulia. Dada wa mazoezi ya viungo anakuja kuuvuta na kuukunja, na mimi namtazama tu kama vile mkono ni wa mtu mwingine. Bekari haijafungwa. Shangazi yako anakanda, mama yako anauza. Mikate ya shangazi yako ni mizuri, ila usimwambie kwamba nimesema.

Lakini haina alama. Unakumbuka kila mkate wetu, kabla haujaingia tanurini, huwa naubonyeza pembeni kwa dole gumba la kulia. Baba yangu alibonyeza kwa lake, mimi nikarithi. Shangazi yako ametaka kuweka la kwake nikakataa. Hakunielewa, tukanuniana mpaka jioni.

Sasa wewe, si ndiyo kazi yako hiyo, hesabu za ubongo uliopigwa na kiharusi? Niambie bila kunibembeleza: dole langu litarudi?

Baba yako,
aliyekuwa mwoka mikate


19 Februari

Baba yangu, shikamoo. Mama, shikamoo nawe, na pole kwa kulazimishwa kuandika utani usio wako.

Mimi sijambo, nakula. Nimesoma barua yenu nikiwa kazini nikacheka kwa sauti, kisha nikaenda kulia chooni, kwa hiyo mpango wako wa simu haukusaidia sana. Hiyo "aliyekuwa" sijaipenda hata kidogo.

Ngoja nikueleze ninachokijua. Mshipa mmoja wa damu uliziba kichwani mwako. Seli za ubongo zilizokuwa katikati ya eneo lile zilikufa siku ileile. Hizo ni maji yaliyomwagika. Lakini kuzizunguka kulikuwa na nyingine zilizonusurika. Zilipata damu ya kutosha kuishi, hazikupata ya kutosha kufanya kazi, zikanyamaza. Mimi na wenzangu tunaziandikia hesabu: oksijeni inayofika, chumvi inayoingia na kutoka, na ni lini seli itakufa, itanyamaza au itaanza kazi tena. Nabadilisha namba moja, nasubiri, mstari unapanda au unashuka kwenye kioo cha kompyuta. Profesa anapita nyuma yangu, anaguna, anaenda zake. Ndiyo siku yangu hiyo, na naipenda.

Ili upate picha: ni kama donge la unga ulilolifunika kitambaa. Ukilitazama limetulia, kumbe ndani hamira inafanya kazi. Kwa hiyo usikate tamaa, Baba.

La dole gumba sijalijibu. Nipe muda.

Binti yako,
Bi Kwanini


12 Machi

Binti yangu Bi Kwanini,

Hujambo mama? Sisi ni wazima na leo nina furaha. Barua yako nimesomewa mpaka mama yako ameikariri. Watu wote wa hospitali wamenieleza nisielewe, wewe umenieleza kwa donge moja nikaelewa!

Donge lililofunikwa haliguswi. Hilo hata mtoto wa mwoka mikate analijua. Anayefunua funua kila saa anaharibu. Nikajiuliza, sasa huyu dada wa mazoezi anavuta na kukunja nini, mbona anataka kunitibulia mambo? Nimemshukuru na kumwambia asije tena. Mkono nimeuzungushia taulo safi, nakaa nao karibu na tanuri, pale penye joto zuri. Sijauchezesha tangu wiki iliyopita. Nasubiri uumuke.

(Hapa ni mimi mama yako. Nimemwambia ni upuuzi. Ananijibu kwamba mtaalamu ameandika, mimi nani? Mwanangu, fanya hima.)

Usimsikilize. Subira yavuta heri.

Baba yako,
aliyekuwa mwoka mikate


20 Machi

Baba, shikamoo.

Fungua hilo taulo kabla Mama hajamaliza kusoma mstari huu. Nimeshampigia Mama simu leo, lakini nakufahamu, utajifanya kiziwi mpaka uone maandishi. Haya, maandishi ndiyo haya.

Mfano wa donge ulikuwa wangu na ulikuwa mbovu. Nilitaka kukufurahisha nikachanganya nyakati mbili. Zile saa za mwanzo baada ya kiharusi, ndiyo, seli zilizonusurika zilihitaji utulivu na damu. Kwenye kompyuta saa zile zina hesabu zake. Miezi inayofuata ina hesabu nyingine kabisa, na wewe uko huko sasa. Seli zilizobaki zinajifunza kazi za zile zilizokufa, na zinajifunza kwa kuitwa tu. Kila ukijaribu kukunja kidole unaziita, hata kama kidole hakikunjiki. Zisipoitwa, zinazoea kunyamaza. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Nawe mwoka mikate mzima, donge likishaumuka unalifanyaje? Si unalikanda tena? Basi kanda. Mwombe dada wa mazoezi radhi, tafadhali.

Na sasa swali lako, bila kukubembeleza. Hesabu yangu inazungumzia maelfu ya seli, haimjui mtu yeyote, haikujui wewe. Ninachokiona kwenye kioo ni kwamba zinazoitwa, baadhi hurudi. Baadhi, Baba. Siwezi kukuahidi dole gumba. Natamani ningeweza, na ninaogopa.

Binti yako,
Bi Kwanini


2 Mei

Baba yangu, shikamoo.

Mbona kimya? Mama kwenye simu ananiambia tu "baba yako yupo," kama vile nimeuliza habari za kabati. Umenikasirikia? Kama umekasirika, kasirika kwa barua.

Huku ni kuzuri. Profesa ameutazama mstari wangu mpya na mara hii hakuguna. Alivuta kiti akakaa. Nilitaka wewe ndiye uwe wa kwanza kujua.

Sitakuuliza habari za mkono. Niandikie hata habari za shangazi.

Binti yako,
Bi Kwanini


17 Juni

Binti yangu Bi Kwanini,

Salamu nyingi, na za upande wa kulia zimo. Hongera kwa Profesa kukaa kitako. Sote hatujambo.

Kimya changu mwanzoni kilikuwa cha hasira, sikufichi. Sikukasirikia mfano. Nilikasirikia ile "baadhi". Nililala nayo, nikaamka nayo. Kisha nikaona, wewe ungeweza kunidanganya nikafurahi, na hukunidanganya. Nikamwita dada wa mazoezi.

Amekuja, amenisema vizuri, nami nimestahili. Akanipa mpira wa kubinya. Nikamwambia, dada, mimi na mpira hatujuani, nipe unga. Tangu hapo kila asubuhi nasimama mezani na shangazi yako, mkono wa kushoto ukikanda na wa kulia ukishindilia kama unavyoweza. Wiki za mwanzo hakuna kitu. Nikawa naziita tu hizo seli zako kwa majina, mengine hayaandikiki. (Kweli hayaandikiki. Mama.) Cha kwanza kuitikia kilikuwa kidole cha mwisho, ambacho maisha yangu yote sijawahi kukipa kazi. Vingine vikafuata kwa kusuasua.

Leo asubuhi mkate mmoja ulikuwa ubaoni, tayari kwa tanuri. Sikumwambia mtu. Nikaweka dole gumba la kulia pembeni yake nikasukuma. Shangazi yako aliona akaanza kulia, anasema ni unga umemwingia machoni.

Mkate wenyewe ndio huo, mama yako ameufunga vizuri. Utakufikia mgumu kama tofali, uchovye kwenye chai. Itazame alama. Upande mmoja umezama, upande wa pili umegusa tu. Zilizoitikia zimeitikia, zilizokataa zimekataa. Nimeridhika, mwanangu. Kesho nitabonyeza mwingine.

Mama yako anasema utachukua rula upime kina cha hilo shimo, kisha utaniandikia namba. Nakujua. Usipime. Kula.

Baba yako,
mwoka mikate